Msimu wa Dawa ya Pili

Jumatatu, Machi 4

Imerudi.

Daktari hakuzungukazunguka. Alivua miwani, akaiweka mezani, akasema, "Mama, saratani ya ovari imerudi." Nilitazama ile miwani. Kioo kimoja kilikuwa na alama ya kidole, na mimi nikatamani sana kumfutia.

Kwenye kiti cha pili alikaa wifi yangu, dada wa mume wangu. Tunashona naye katika chumba kimoja miaka na miaka, na tangu nilipougua mara ya kwanza yeye ndiye anayenisindikiza hospitali, kwa sababu kaka yake akiona sindano tu miguu inamwisha nguvu. Namwita Kamanda. Ananiamrisha kula, kulala na kutembea, nami namtii huku nimenuna. Leo Kamanda alikumbatia mkoba wangu kifuani mpaka tulipotoka nje.

Daktari alieleza pole pole. Kemo itaanza tena, dripu kila baada ya wiki tatu, kama zamani. Ila safari hii anaongeza dawa ya pili, itakayopita kwenye mshipa siku hiyo hiyo. Kemo inapiga chochote kinachoota haraka, kizuri na kibaya. Hii ya pili ina shabaha yake. Uvimbe ukitaka kukua unajivutia mishipa mipya ya damu, na dawa hii inaizuia ile mishipa isiote. "Tunaunyima chakula," alisema.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo nitapona?"

"Sitakudanganya. Haiung'oi. Kwa wengi inausukuma mbali, unakaa muda mrefu zaidi kabla haujaanza kukua tena. Kwa wengine haifanyi hivyo. Wewe hatujui mpaka tujaribu."

Kisha akataja ubaya wake. Presha inaweza kupanda. Figo zinaweza kuvujisha protini, ndiyo maana kila nikienda watapima mkojo kwanza. Pua inaweza kutoka damu. "Na tumbo," akanielekezea kidole, "likikuuma vibaya, hata iwe saa ngapi, hata uone aibu namna gani, njoo. Dawa hii mara chache hutoboa utumbo. Mara chache, lakini hutoboa."

Tulipotoka Kamanda alisema, "Umesikia? Itasaidia." Mimi nilikuwa nimesikia "hutoboa" tu.

Jumanne, Machi 5

Mvua imeanza. Nimepiga pasi mashati ya shule siku nzima. Sijamwambia mtu mwingine.

Jumatano, Machi 6

Nimemwambia baba watoto. Alikuwa ametoka kazini, suruali imelowa mpaka magotini, maana mvua ikianza mabomba ya mji mzima yanamwita yeye. Alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza akasema, "Haya." Akaenda uani, akavunjavunja kuni ambazo hatuzihitaji, tunapikia gesi.

Nilimkasirikia. Baadaye nikaziokota zile kuni nikazipanga.

Jumamosi, Machi 9

Sisi mafundi wa nguo tunajua miili ya watu kabla wenyewe hawajaijua. Mara ya kwanza ugonjwa huu niliukamata kwa futi ya kushonea: mikono yangu inakonda, kiuno kinazidi. Daktari alisema ni maji yanajaa tumboni. Tangu hapo kila Jumamosi, kabla hatujafunga, Kamanda ananizungushia futi kiunoni na kusoma kwa sauti kubwa.

Leo alisoma kimya kimya.

"Ngapi?"

"We mwanamke unakula sana, ndiyo habari yenyewe."

Nikamwambia, "Wifi, sema." Akasema. Nikaenda kukaa.

Jumanne, Machi 12

Dripu ya kwanza. Nesi wa wodi ile ni mwembamba, anatembea haraka, na anaongea na mifuko ya dawa kuliko anavyoongea na sisi. Alinipa kikopo nikakojoe, akachovya kijikaratasi, akakilinganisha na rangi zilizo kwenye chupa. "Safi." Presha safi pia. Akatundika mifuko. Wa mwisho ulikuwa mdogo, maji meupe, huwezi kuyatofautisha na ya kisimani.

"Ndiyo hiyo?" Kamanda aliuliza. "Mbona haina hata rangi?"

"Mama, ulitaka iwe na pilipili?" nesi akamjibu bila kugeuka.

Kamanda ameibatiza jina: Mdunguaji. Anasema Kemo ni askari wa kawaida, anafyatua ovyo, lakini huyu analenga. Alikunywa jagi zima la maji ya wagonjwa tukiwa tumekaa pale, akaenda chooni mara nyingi kuliko mimi niliyetiwa dripu. Nikamwambia nesi ampe na yeye kitanda.

Alhamisi, Machi 14

Nimetapika. Mvua.

Ijumaa, Machi 15

Vile vile.

Jumapili, Machi 24

Nilikuwa nashona pindo la mapazia ya harusi ya watu, kitambaa cheupe, mita na mita. Tone likaanguka. Nikadhani ni paa linavuja. Likaanguka la pili, jekundu. Pua yangu.

Kamanda aliniinamisha, akanibana pua kwa vidole vyake vigumu, akanitukana mimi na ukoo wangu wote mpaka damu ikakata. Si damu iliyonitisha hasa. Niliwaza dawa ile imo ndani yangu sasa hivi inakata mishipa, na nani ameionyesha ipi ni ya uvimbe na ipi ni yangu?

Kwenye pazia Kamanda alikata kile kipande, akatia kiraka kutoka kwenye masalia, akaficha mshono ndani ya mkunjo. Mwenye pazia hatajua mpaka anakufa. Hiyo ndiyo kazi tunayoiweza kuliko wote mtaa huu, kuficha.

Jumanne, Aprili 2

Dripu ya pili. Presha imepanda kidogo, nimepewa vidonge vya kumeza kila asubuhi. Mkojo una alama ndogo ya protini. "Tutaiangalia," nesi amesema. Nywele zinabaki kwenye mto.

Jumamosi, Aprili 6

Kiuno kimepungua! Kamanda amesoma kwa sauti mpaka muuza viatu wa jirani akachungulia. Amecheza kati ya cherehani mbili, makalio yakagonga kikapu cha vishikizo vikamwagika vyote. Tuliviokota tukicheka. Nimekula wali sahani nzima.

Jumatano, Aprili 10

Nilimwuliza baba watoto presha ni nini hasa, kwa sababu yeye ni mtu wa mabomba. Lilikuwa kosa. Alifurahi kuulizwa, akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza tangu Machi akaongea maneno mengi kwa mpigo. Akanieleza kwamba maji yakisukumwa kwa nguvu, bomba zima haliumii. Yanatafuta sehemu dhaifu, pale kwenye kiungo kilicholika, na hapo ndipo panapopasuka. Kisha akaniona uso. Akasema upesi mwili si bomba, mwili ni kitu kingine kabisa, akasimama, akasahau kikombe chake.

Tangu hapo nahesabu sehemu zangu dhaifu.

Jumanne, Aprili 23

Mkojo umebadilisha rangi ya kijikaratasi.

Nesi alikitazama mara mbili, akamwita daktari. Protini imezidi. Figo zinavujisha. Daktari akasema leo tutatoa kemo peke yake, dawa ya pili tunaisimamisha mpaka figo zitulie. Alisema kwa upole, kama mtu anayekwambia basi limechelewa.

Nilitazama ile nguzo ya dripu. Ndoano moja ilikuwa tupu. Siwezi kueleza hofu niliyoipata mbele ya ile ndoano. Wiki zote hizi niliiogopa dawa ile, niliota inanitoboa. Sasa wameiondoa na nimejiona nimeachwa uchi barabarani. Nilimshika nesi mkono, mtoto wa watu, nikamwambia, "Nipe hata nusu." Akautoa mkono wake taratibu. "Mama, dripu si chai."

Njiani mvua ilitunyeshea sote wawili na mwavuli uko mkononi mwa Kamanda, hakuufungua.

Jumamosi, Aprili 27

Futi imezidi. Kidogo, upana wa kidole. Kamanda anasema nilivuta pumzi. Sikuvuta pumzi.

Jumatatu, Aprili 29

Nilimwuliza daktari kwa simu. Anasema upana wa kidole hausemi kitu, unaweza kuwa chakula, tusubiri skani. Kwake ni rahisi. Yeye halali na tumbo hili.

Alhamisi, Mei 2

Tumbo naliona linakua. Nikikaa naliona, nikisimama naliona. Ule uvimbe, walioufungia chakula, sasa umefunguliwa mlango wa jikoni.

Jumanne, Mei 7

Kamanda alikuwa anatoboa vitundu vya vishikizo. Hakuinua macho. Akasema, "Wifi, wanachokitaka ni mkojo safi, sivyo?"

"Ndiyo."

"Hawasemi uwe wa nani."

Nilidhani anatania. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema kule chooni hakuna anayetuchungulia, tunaingia pamoja siku zote kwa sababu mimi nina kizunguzungu, kikopo kinatoka kimejaa, basi. Mkojo wake yeye ni mzuri, hajawahi kuugua hata mafua. Wakishanipa ile dawa na uvimbe ukanywea, figo tutazishughulikia baadaye. "Ni kiraka tu. Mbona tunaweka viraka kila siku na watu wanatushukuru?"

Nikamwambia asiniambie upuuzi. Nikaendelea kukata kola.

Jumatano, Mei 8

Nimefikiria siku nzima kuhusu ule upuuzi.

Jumapili, Mei 12

Nimekubali. Mungu anisamehe, sikuhitaji hata kubembelezwa. Kamanda alipoanza, "Kuhusu lile jambo," nilisema "sawa" kabla hajamaliza.

Baba watoto hajui. Ameziba paa mahali panapovuja, sasa panavuja mahali pengine.

Jumanne, Mei 14

Niandike yote.

Tuliingia chooni wote wawili. Kamanda alichukua kikopo, akanigeuzia mgongo, akaniambia niimbe asije akashindwa. Niliimba. Akafunga kifuniko, akakifuta na khanga, akanikabidhi kikiwa na joto lake. Nikatoka nacho kama mwizi wa kuku. Nesi alikipokea, akachovya. Mimi nilitazama ile sehemu ya protini. Haikubadilika. Safi! Kamanda akaniminya kidole.

Lakini nesi hakusema "safi". Alikaza macho kwenye mraba mwingine wa kijikaratasi.

"Mama, umekula nini leo?"

"Uji."

"Wa sukari?"

"Kidogo."

"Hapa sukari imejaa tele." Akachovya kijikaratasi kingine. Vile vile. "Nipe kidole." Akanitoboa, akaweka damu kwenye kimashine. Kikalia. Akasoma, akanitazama, akasoma tena. Sukari ya damu yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Akaweka kimashine mezani na mikono yake ikaenda kiunoni.

"Nani kakojoa humu?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliacha kutafuna.

"Nauliza vizuri. Mkojo huu una mwenyewe, na mwenyewe anaumwa. Nani?"

Kamanda, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akiinamisha kichwa mbele ya mtu, aliinua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

Walimtoboa kidole yeye. Kimashine hakikuonyesha hata namba, kiliandika tu kwamba imepita kiwango. Ndipo nilipokumbuka majagi ya maji. Kwenda chooni kila saa. Magauni yake aliyokuwa anayabana pembeni, nami nikimtania kwamba ananiigiza. Fundi mzima, nimekaa naye ndani ya kuta nne, nikaacha kuuona mwili wake kwa sababu nilikuwa nautazama wangu tu.

Daktari alikuja. Nilitegemea makelele. Alivuta kigoda akakaa kati yetu.

"Nani alitoa wazo?"

"Mimi," tukasema wote.

Akasugua macho. "Sikilizeni. Mimi siingii ndani ya mwili wa mtu nikatazama. Nategemea damu, mkojo na maneno yenu, basi. Ningekupa dawa ile leo figo zikiwa vile, ningeweza kuziua. Na bila figo hata kemo siwezi kukupa. Mngekuwa mmenikata mkono mmoja halafu mnaniomba niwabebe." Kisha akamgeukia Kamanda. "Na wewe mama, hali hii ungeendelea nayo wiki chache, ungeletwa hapa umezimia."

Kamanda alisema, "Mimi si mgonjwa. Mgonjwa ni huyu."

"Wote ni wagonjwa," nesi akasema, akafungua kikopo kipya, akanishika mkono, akaingia nami chooni yeye mwenyewe. Mkojo wangu ulikuwa na protini kama mwezi uliopita. Nikatiwa kemo peke yake. Kamanda wakamweka kitanda cha pembeni na dripu ya maji, akanitazama, nami nikamtazama, na hakuna aliyepata utani wa kusema.

Jumatano, Mei 15

Alikuja kazini mapema kuliko mimi. Nilimkuta amekaa mbele ya cherehani, hajaweka uzi. Nikamwambia amenitia aibu. Akaniambia nyamaza. Kisha akaanza kulia. Kamanda! Analia vibaya, kwa mikwaruzo, hajazoea.

"Ukifa wewe mimi nitakaa na nani humu?" alisema. "Kaka yangu ana mabomba yake. Mimi sina mume, sina mtoto. Kila asubuhi nakuja hapa kwa sababu wewe upo. Unafikiri nakuamrisha kwa sababu nina nguvu? Naogopa, wifi. Naogopa tangu ile siku ya kwanza, nikinyamaza nitapiga kelele."

Sikujua. Nilidhani hofu yote ya ukoo huu niliibeba mimi. Nilimpangusa uso kwa kipande cha bitana, nikamwambia anywe dawa za sukari alizopewa jana mbele yangu, sasa hivi. Alinuna, akameza.

Jumamosi, Mei 18

Nimepewa dumu la kukusanya mkojo wa siku nzima, mchana na usiku, usipotee hata tone. Baba watoto ndiye aliyelipeleka hospitali. Nimemwambia kila kitu, la kikopo pia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mngeniambia mimi, ningewaambia mkojo wa dada yangu huwa unavutia sisimizi." Akaondoka na dumu lake kwenye mvua. Sijui kama alikuwa anatania. Sisimizi! Na hakusema?

Jumanne, Mei 21

Leo sikupima kiuno. Nimeogopa, nimeacha.

Ijumaa, Mei 31

Skani. Nilivyolala kwenye ile meza nilijaribu kuomba, nikajikuta nahesabu mashati yaliyobaki.

Majibu: uvimbe mkubwa umenywea karibu nusu. Midogo miwili haionekani. Maji ya tumboni yamekauka. Upana wa kidole nilioulilia ulikuwa wali.

Na protini imeshuka. Daktari amesema wiki ijayo dawa ya pili inaweza kurudi, kwa uangalifu. Nilishangilia, na dakika ile ile nikakumbuka neno lile la siku ya kwanza, "hutoboa".

Jumanne, Juni 4

Kikopo, mkojo wangu mwenyewe, nesi amesimama mlangoni kama polisi. Umepita. Ndoano zote zimetundikwa mifuko. Kamanda kando yangu na chupa yake ya maji, soda amekatazwa. Mvua imepungua.

Jumatatu, Juni 10

Nguvu kidogo. Nimeshona sketi mbili.

Jumamosi, Juni 15

Ilianza asubuhi nikipiga pasi. Kichomo chini ya kitovu, upande wa kushoto. Nikasema gesi. Nikasimamisha pasi, nikasubiri, nikaendelea. Kufikia saa nne kilikuwa kimekaa, hakiondoki, nikisogea kinasogea nami. Nikajiambia ni maharage. Sikuwa nimekula maharage.

Saa sita jasho lilinitoka, baridi. Kamanda akaona.

"Nini?"

"Tumbo."

Niliona akili yake inakokwenda kwa sababu yangu ilikuwa imetangulia kufika huko. Tukipiga simu, watakuja na lile neno. Dawa itaondolewa, na safari hii haitarudi. Ile iliyounywesha uvimbe nusu. Akanishika bega, akasema kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Tusubiri kidogo, wifi. Labda ni upepo. Ulale hapa, nikukande. Wakisikia watakunyang'anya."

Na mimi nilitaka. Niandike hapa kwamba nilitaka sana. Kulikuwa na rundo la sweta kwenye kona, laini, ningelala pale, ningejikunja, huenda kingepita. Nani anajua? Kesho ningeamka mzima, Jumanne ya dripu ikifika ningenyamaza, na hakuna kijikaratasi kinachopima maumivu. Wasingejua mpaka niwaambie mimi.

Ndipo nilipoogopa kweli. Nilijiogopa mimi na huyu mwanamke tunayependana, watu wawili tunaojua kuficha kuliko kitu kingine chochote duniani.

"Mpigie kaka yako aje na gari la kazi," nilisema.

"Wifi..."

"Kamanda, piga simu."

Alipiga analia. Baba watoto alifika na mabomba yakigongana nyuma, akanibeba mwenyewe. Kwenye mlango wa dharura kijana wa mapokezi aliniuliza jina. Nilisema, "Natumia dawa ya kuzuia mishipa ya damu na tumbo linauma tangu asubuhi." Nililirudia lile lile mpaka mtu alipokimbia.

Jumatatu, Juni 17

Nimepata nguvu ya kushika kalamu. Utumbo umetoboka. Tundu dogo, na mafuta ya tumboni yamelifunika, hayakuacha uchafu usambae. Hawawezi kunipasua ovyo kwa sababu ya dawa ile, kidonda hakifungi upesi. Kwa hiyo sili, sinywi, nina mirija, natiwa antibiotiki kwenye mshipa na tunangoja tundu lizibe lenyewe. Daktari alisema ningekaa nyumbani mpaka Jumapili, leo wangekuwa wanaongea na mume wangu tu.

Kamanda alisikia. Alitoka nje ya wodi na hakurudi mpaka jioni.

Jumanne, Juni 18

Homa. Naogopa kufumba macho.

Jumatano, Juni 19

Homa imeshuka. Wamenipa maji, kijiko kimoja kimoja. Sijawahi kunywa kitu kitamu vile.

Ijumaa, Juni 21

Daktari amekuja peke yake leo, akafunga mlango. Tundu linaziba. Dawa ya pili basi, kwangu imekwisha, hairudi hata kwa nusu. Nikipata nguvu tutaendelea na kemo tu, labda ya aina nyingine. Nilimwuliza swali ambalo tangu Machi nimelikwepa. Nina muda gani?

Alivua miwani. "Sijui, mama. Ulichokipata kwa ile dawa hakiondoki nayo, uvimbe umenywea na umenywea. Lakini utakuja kukua tena siku moja. Natumaini ni mwakani. Sitaki kukuahidi zaidi ya hapo."

Nikamshukuru. Nilishangaa sauti yangu ilivyokuwa ya kawaida, kama mtu anayepokea chenji.

Kamanda alipokuja nilimweleza yote, sikupunguza neno. Alikuwa na mengi mdomoni, niliyaona, akayameza moja moja. Mwishowe akauliza kama nimeoga. Akanipangusa miguu na kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kidole kwa kidole, akaenda kuchoma sindano ya sukari aliyoongezewa, kwa saa yake bila kukumbushwa.

Jioni akaja baba watoto. Nilidhani ataishia mlangoni kwa sababu ya sindano zote nilizochomekwa. Aliingia akitazama sakafu, akakaa ukingoni, viatu vina udongo wa kazini. Nikamweleza na yeye. Nilikuwa tayari kwa "haya" yake.

"Unaogopa?" akauliza.

Miaka yote ya ndoa hajawahi kuniuliza hivyo.

"Mpaka meno yananiuma," nikasema.

"Basi sogea."

Akavua viatu, akapanda kitandani, kitanda chenyewe hakimtoshi mtu mmoja, akapitisha mkono chini ya mrija asiuguse. Alikuwa anatetemeka kuliko mimi. Nesi alipita, akatuona, akafungua mdomo kutukemea, kisha akatuvutia pazia.

Naandika mkono wake ukiwa bado juu ya bega langu.